Nilivyopima Upya Miti Yote ya Ploti Yetu Ngezi

Mvule mmoja katika msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, ndio ulionikosesha usingizi. Kwenye daftari langu niliuandika kipenyo cha sentimita 61.4. Siku kumi baadaye mwenzangu akaenda kuuhakiki, akarudi na 58.9. Mti ukikosa maji hunywea kidogo, lakini hunywea kwa milimita, haunywei sentimita mbili na nusu kwa siku kumi. Tukachagua miti mingine ishirini na tisa kwa kura, tukaipima. Karibu nusu yake haikulingana na nilichoandika.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, mzaliwa wa Wete, na katika kundi letu la utafiti la chuo mimi ndiye niliyepewa futikamba. Msitu ule nimeupita tangu utoto, nikiwa ndani ya gari kuelekea ufukwe wa Vumawimbi, na bado nakumbuka ubaridi unavyoingia dirishani ghafla mara tu unapoiacha mikarafuu na jua lake. Sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu wa namna hiyo kabla ya kukatwa kupisha karafuu. Ngezi ni miongoni mwa mabaki yake. Ndani yake umo mpapindi, mti mwembamba wa porini wa jamii ya minazi usioota kwa asili popote duniani isipokuwa Pemba. Wamo popo wakubwa wa Pemba wanaokula matunda na kuzitawanya mbegu, na jioni utamsikia bundi mdogo ambaye naye ni wa kisiwa hiki tu. Kwa hiyo kukosea kipimo mle ndani hakukuwa jambo dogo kwangu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Ploti yetu ni hekta moja, mita 100 kwa 100, imegawanywa kwa kamba katika miraba 25 ya mita 20. Kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 10 hupewa kibati chenye namba, huandikwa jina lake, na hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Baada ya miaka mitano watu hurudi kupima palepale. Watafiti wa misitu ya mvua hufanya hivi duniani kote. Kisiwa cha Barro Colorado huko Panama kina ploti ya hekta 50 ambayo imekuwa ikihesabiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena wao huanzia miti yenye unene wa sentimita moja. Miti mingi ya msituni hunenepa milimita chache tu kwa mwaka. Ukikosea sentimita mbili na nusu umeshafuta ukuaji wa miaka kadhaa, na atakayekuja baada yako ataamini msitu unakufa ilhali unakua, au unakua ilhali unakufa. Kwenye hesabu ya kaboni iliyohifadhiwa mitini, inayotegemea uzito wa mti, ndiyo balaa zaidi: kipenyo kikizidi kwa asilimia 10, uzito wa mti unaokadiriwa huzidi kwa zaidi ya asilimia 20.

Mwalimu wetu hakunigombeza. Alisema tu, "Data hii hatuwezi kuitumia, na fedha za kukaa huku zimebaki za siku kumi na mbili." Masika nayo ilikuwa inakaribia, na masika ya kule haina mchezo.

Usiku ule sikurukia kupanga ratiba. Nililiweka daftari mbele yangu, nikajiuliza kila namba mbaya imetoka wapi. Asubuhi nikarudi kwenye miti ileile thelathini, safari hii nikijitazama mikono yangu. Sababu ya kwanza niliiona haraka: nilikuwa naikisia mita 1.3 kwa kifua changu. Ardhi ya Ngezi ina mabonde na vichuguu, ukisimama upande wa chini wa mti kifua chako kiko kwingine kabisa. Ya pili, futikamba ilikuwa inapita juu ya mitambazi iliyoshikamana na shina, nikapima mti pamoja na nguo zake. Ya tatu ilihusu miti mikubwa ambayo mizizi yake imepanuka shinani kama mbao zilizosimamishwa. Pale nilikuwa nazungusha futikamba juu ya mbao zile, na kinachotoka si kipenyo cha shina.

Dawa ya sababu ya kwanza ilikuwa fimbo. Nilikata mti mkavu wa mita 1.3 kamili, nikauchonga ncha. Unauchoma kwenye majani makavu mpaka uguse udongo, kwa upande wa juu wa mteremko siku zote, na palipo kichwa cha fimbo ndipo pa kupima. Mitambazi tuliinyanyua tukapitisha futikamba chini yake; hatukuikata, kwa sababu ukikata umeubadilisha msitu unaotaka kuuchunguza. Miti ya mizizi mipana tuliipima nusu mita juu ya pale mizizi inapoishia, na urefu huo ukaandikwa. Kwa hiyo ilitubidi ngazi. Fundi mmoja wa Makangale alituazima ya kwake ya kuezekea, tukaibeba begani kila siku. Kila tulipopima tulipiga mstari wa rangi. Huo mstari, kwa maoni yangu, una thamani kuliko namba yenyewe, maana namba inaweza kusahihishwa lakini pahali palipopotea hapapatikani tena.

Lakini pia tulikuwa na tatizo la majina, na hili nisingelimaliza peke yangu. Miti mingi ilikuwa imeandikwa "haijulikani" kwa sababu majani yake yako juu mno. Nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, nikiwa na barua ya kibali mkononi, nikamuomba mtu anayeujua msitu. Akanipeleka kwa mzee aliyewahi kuwa seremala wa vyombo vya baharini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kuniuliza miti au mbao?"

Nilimwambia miti. Akasema yeye anaijua kwa mbao, tutakutana njiani.

Na kweli tulikutana. Babu alikuwa akikwangua gome kidogo kwa ncha ya kisu, mara moja tu, kisha ananusa na kusubiri. Mvule hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mtondoo aliutambua kwa gome kabla sijamaliza kuinua shingo, akanieleza jinsi mafuta ya kokwa zake yalivyokuwa yakipakwa kwenye mbao za vyombo. Kila jina alilolitaja tuliliandika kama alivyolitamka, tukachukua tawi, na majina ya kisayansi tukayatafuta baadaye kwa kulinganisha sampuli. Pahala pamoja alisimama akasema hapo watu hupafagia na kuomba, tupite bila kupiga kelele wala msumari. Tukapita hivyo. Miti ya pale ina mstari wa rangi tu, haina kibati.

Jambo la mwisho tulilolibadilisha ni sauti. Anayepima anaitaja namba, anayeandika anairudia kwa nguvu, ndipo futikamba inafunguliwa. Jioni tunachagua miti kumi kwa kura, na asubuhi mtu mwingine anaipima bila kuonyeshwa daftari. Siku ya tatu tofauti kubwa kabisa ilikuwa milimita mbili. Siku ya kumi na moja mvua ilitukuta kwenye mraba wa mwisho, tukamalizia chini ya turubai, kalamu ya risasi ikiandika kwenye karatasi iliyolowa.

Mwaka 2023 kundi lilirudi, nami nikarudi nalo, safari hii nikiwa mwenye daftari. Futikamba alikuwa nayo binti wa mwaka wa kwanza kutoka Mkoani. Babu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mjukuu wake ndiye aliyetuongoza. Tulipofika kwenye ule mvule, rangi ilikuwa imefifia lakini ilionekana. Binti akachoma fimbo. Kichwa cha fimbo kikagusa mstari.

"Sitini nukta nane," akasema.

"Sitini nukta nane," nikarudia, nikaandika chini ya 58.9.