Krefishi hatambuliki kwa rangi: mgeuze tumbo

Kwenye maduka ya samaki wa mapambo, krefishi (kwa Kiingereza crayfish) mmoja huuzwa kwa majina matatu, na krefishi wa aina tatu huuzwa kwa jina moja. Lugha nayo inachangia, maana sisi kila chenye gamba na mkia wa kujikunja ni kamba. Tuanze na hilo. Kamba koche wa mwambao wetu, jenasi Panulirus, hana magando. Ana vipapasio viwili virefu, vinene, vyenye miiba. Krefishi ana magando mawili makubwa mbele na huishi maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Kumwekea chumvi ya bahari kwa kuwa “ni kamba” hakumsaidii chochote.

Bara la Afrika halina krefishi wa asili hata mmoja. Wa jirani kabisa ni wale wa Madagaska, jenasi Astacoides. Kwa hiyo aliyeko kwenye tangi lako Nairobi au Dar asili yake ni ng’ambo, na kazi ni kujua ng’ambo ipi.

Hapo ndipo rangi huwapoteza watu. Procambarus clarkii, yule mwekundu wa Ziwa Naivasha, Kenya, ambaye kwao ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, akiwa mdogo huwa wa kijani au kahawia, na wengi humdhania kuwa aina nyingine. Wafugaji wamezalisha pia wa bluu, wa chungwa na weupe. Halafu Procambarus alleni wa Florida naye ni wa bluu, na Cherax wa Australia nao wapo wa bluu. Ukiniambia “nina krefishi wa bluu”, hujaniambia kitu.

Mshike mgongoni, nyuma ya magando, kwa kidole gumba na cha shahada, kisha mgeuze. Angalia pale miguu inapoishia na mkia kuanza. Dume la Procambarus lina vijiti vigumu vilivyolala kuelekea kichwani, katikati ya mashina ya miguu. Jike halina vijiti hivyo. Lina kifundo kidogo kama kifungo kati ya jozi mbili za mwisho za miguu. Cherax hana vijiti wala kifundo, awe dume au jike. Kwake tafuta vitundu: ukihesabu magando kuwa jozi ya kwanza, dume ana vitundu kwenye shina la jozi ya tano, jike kwenye jozi ya tatu. Dume pevu la Cherax quadricarinatus lina pia doa jekundu laini upande wa nje wa gando.

Ukishajua ni Procambarus, mrudishe wima utazame mgongo. Kwa clarkii, mistari miwili iliyopinda juu ya gamba hukaribiana katikati hadi kugusana au karibu sana, na juu ya mkia kuna mchirizi mweusi. Ukubwa wa gando usiutumie kujua jinsia: gando lililokatika humea upya likiwa dogo, hurefuka kidogo kila anapojivua gamba, na huchukua mara kadhaa kurudi lilivyokuwa.

Kuna mmoja wa kuangaliwa zaidi: mwenye madoa ya marumaru na magando madogo, Procambarus virginalis. Alijitokeza kwa wafugaji wa Ujerumani miaka ya 1990, na wote ni majike wanaozaa bila dume. Mmoja tu anatosha kujaza tangi, na Madagaska ameshasambaa porini. Lakini jike la clarkii aliye peke yake akitaga, usikimbilie kusema ni yule wa marumaru. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo huenda alipandwa kabla hujamnunua.

Sasa kujivua gamba. Ni kule halisi, si ile kaulimbiu ya CCM ya Tanzania mwaka 2011. Mfugaji mgeni huamka akakuta “maiti” tupu tangini, kisha “mwingine” amejificha. Ni yuleyule. Siku chache kabla huacha kula na kujificha. Siku yenyewe hulala ubavu, gamba hupasuka pale mgongo unapokutana na mkia, naye huchomoka kinyumenyume. Ukimwona kalala ubavu, usimguse na usimsaidie kuvuta, utamng’oa mguu. Gamba la zamani usilitoe: hulila kurudisha kalsiamu. Akiba nyingine huwa ameiweka tumboni kama vijiwe viwili vyeupe. Kwa siku kadhaa mwili huwa laini, na hapo ndipo wenzake humla. Ndiyo maana mmoja kwa tangi ndiyo kanuni yangu, na wanaosema “wangu wanapatana” mara nyingi hawajafika siku hiyo.

Wengi hufa katikati ya kujivua kwa sababu ya maji, na wafugaji husingizia ugonjwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa ni laini mno, hayana kalsiamu ya kutosha. Changanya na maji magumu zaidi, na uweke tangini kipande cha mfupa wa ngisi kilicholowekwa na kusuuzwa chumvi, au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa. pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji) iwe kati ya 7 na 8. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke. Kama mamlaka ya maji hutumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kusubiri hakusaidii, tumia dawa ya kuondoa klorini.

Tangi la lita 60 hadi 80 linamtosha clarkii mmoja, lenye kichujio na pampu ya hewa. Bakuli la samaki ni kaburi: hewa huisha na amonia, sumu itokanayo na uchafu wake, hupanda. Mfuniko uzibe kila pembe, maana hupanda mpira wa hewa na kutoka. Mwekee kipande cha bomba la PVC kipana cha kumtosha kuingia mzima. Joto la nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi linamfaa, kwa hiyo Nairobi hita ni hasara tupu. Mombasa na Dar tatizo ni kinyume chake: maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, na pampu isizimwe.

Hatari isiyotajwa vya kutosha ni shaba. Baadhi ya dawa za samaki zina salfeti ya shaba na zinaweza kumuua hata kama samaki wamepona. Dawa ya mbu ya kupuliza chumbani ni mbaya vilevile, kwani pampu huvuta hewa hiyo na kuiingiza majini.

Chakula chake si nyama kila siku. Mpe mboga: sukuma wiki au mchicha uliochemshwa kidogo, karoti, njegere, na majani makavu. Kipande cha samaki au dagaa mara mbili kwa wiki. Kinachobaki kitoe siku inayofuata. Mimea ya mapambo ataikata yote, na samaki wanaolala chini watakuwa kitoweo usiku.

Hilo la mimea Naivasha wanalijua. Clarkii aliingizwa ziwani mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi, na mimea ya majini ikaangamia pamoja na mayungiyungi. Kwa hiyo ukimchoka, usimtupe mtoni wala kwenye bwawa la jirani. Mtafutie mfugaji mwingine. Walioko nchi za Umoja wa Ulaya wajue kwamba clarkii na yule wa marumaru wako kwenye orodha ya viumbe vamizi tangu 2016: kuwauza, kuwazalisha na kuwaachia ni marufuku, na anayeanza upya haruhusiwi kuwafuga.