Sindano isiyo na dawa

Mama mpaka leo hajanielewa. Kila nikimpigia simu nyumbani Mikindani, Mtwara, anauliza hiyo sindano ndani ina nini, namwambia haina kitu mama, chuma kitupu, chembamba kama unywele, ananyamaza kidogo halafu "haya mwanangu, we soma tu".

Niko Tianjin, China, nasomea akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, mwaka wa nne sasa, digrii ni miaka mitano, na kabla ya hapo nilikula mwaka mzima wa Kichina peke yake. Watu wanadhani tunafundishwa kuchomachoma tu. Jamani! Mwanzoni mtu hatumgusi, unapewa tishu zimekunjwa zikafungwa uzi, unachoma unazungusha kwa dole gumba na kidole cha shahada mpaka vidole vinakufa ganzi, baadae ndo unajichoma mwenyewe mguuni. Pointi za kukariri, yaani sehemu za mwili za kuchomea, ni 361, na rula hakuna, unapimia mkono wa mgonjwa mwenyewe, upana wa dole gumba lake ni tsuni moja, kipimo cha Kichina, vidole vinne vikibanana ni tsuni tatu. Pointi ya Zusanli kwa mfano ni vidole vinne chini ya kile kishimo cha nje ya goti, halafu unatoka kidogo pembeni ya mfupa wa ugoko.

Sindano ikifika penyewe mgonjwa anasikia mguu mzito, na we mkononi unasikia kitu kimevuta. Mwalimu akasema ni kama samaki anapomeza chambo. Darasa zima wanatoa macho, mimi nacheka, nimekua navua na mshipi pale ufukweni, nani wa kunieleza hilo!

Siku ya kufundishwa vikombe, vile vya kubandika mwilini vinyonye, ndo nilichoka kabisa. Si kuumika huku? Mzee jirani yetu alikuwa anaumika watu kwa pembe ya ng'ombe, watoto tunachungulia dirishani. Huku nalipia ada.

Likizo iliyopita mjomba kaja na goti lake, keshakunja suruali, anataka sindano. Nikamwambia mjomba sijasajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, siruhusiwi.

"Kwaiyo mpaka serikali ilijue goti langu?"

Basi nikambonyeza kwa dole gumba tu, palepale Zusanli, akasinzia kwenye mkeka barazani. Alivyoamka akamwita mama, "Dada, kumbe mtoto anasomea kukanda!" Mama akashusha pumzi, yaani miaka yote hiyo ndo kwanza anaona ameelewa.