Mvua, bunduki na kura huku Seattle
Mvua ya huku haipigi kama ya kwetu Kisumu, inadondoka taratibu kutwa nzima na watu wala hawabebi mwavuli, wanavaa tu koti lenye kofia wanaendelea na mambo yao. Leo kazini tumebishana sana na jamaa mmoja kuhusu bunduki, yeye anaona serikali inawaonea wenye bunduki maana tangu 2023 jimbo letu hili la Washington limepiga marufuku kuuza zile za aina ya AR-15, yaani bunduki ndefu za kufyatua risasi haraka haraka, halafu 2025 gavana Bob Ferguson akasaini sheria ingine, yaani kuanzia Mei 2027 ukitaka kununua bunduki lazima kwanza uwe na kibali, uchukuliwe alama za vidole na umalize mafunzo ya usalama.

Mi naunga mkono kabisa. Kwani Kenya si lazima uwe na cheti? Mwanangu ana miaka saba na shuleni anafundishwa kwamba akija mtu na bunduki wazime taa, wajifiche kwenye kona mbali na mlango na wanyamaze kimya, mtoto wa miaka saba jamani! Kura huku inaletwa kwa posta, na kila ikija naanza kusoma wagombea wamesema nini kuhusu hili.