Mkaa ulikuwa bado haujashika

Usiku mmoja wa Mei 2016, mke wangu aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mwanetu wa pili, miaka miwili na nusu, alikuwa amekakamaa kitandani, macho yamegeukia juu, mate yanamtoka kwa povu, mkono wa kushoto unapigapiga godoro. Mwili unachoma. Mimi ni mtu wa maabara, nimepima damu za watoto wa wenzangu kwa miaka mingi, na bado miguu iliniisha nguvu.

Nilimlaza ubavu, nikamfungua vifungo vya shati, nikaondoa mto, nikatazama simu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tisa.

Mama yangu alikuwa kwetu Kibaha wiki ile, amekuja kutoka Bagamoyo kuwaona wajukuu. Hakutazama saa. Alifungua begi lake, akatoa kifurushi cha kipande cha kanga kilichofungwa fundo mbili, akaenda uani kuwasha mkaa. Ndani ya kile kifurushi mlikuwa na kinyesi kikavu cha tembo. Baadaye nilijua kwamba amekuwa akisafiri nacho kila anapokuja kwetu, tangu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Nilisikia upepeo wake uani, pa, pa, pa, na nikasikia akinung'unika kwamba mkaa una unyevu.

Saa nane kasoro dakika sita mkono ukatulia. Kidevu kikalegea, macho yakafumba, mtoto akavuta pumzi ndefu na kulala usingizi ule mzito unaokuja baada ya degedege. Uani upepeo ulikuwa bado unapiga. Mkaa ulikuwa bado haujashika.

Mama aliingia na jiko kama dakika tano baadaye, moshi unafuka. Akamfunika mjukuu wake na kanga, akamfukiza. Mtoto akakohoa, akafumbua macho, akalia. Mama akanitazama machozi yakimlengalenga: "Umeona, baba? Moshi umemrudisha."

Nilikuwa na simu mkononi, na saa yake naiona. Niliyaona yote kwa mpangilio wake, dakika kwa dakika. Na nakiri kwamba kwa sekunde chache, jinsi yule mtoto alivyofumbua macho ndani ya ule moshi, hata mimi moyo wangu uliamini.

Kwetu Bagamoyo, watu wazima hawalitaji jina degedege mbele ya mtoto. Wanasema "ndege". Wanaamini ni shetani mwenye umbo la ndege, hupita usiku, na kivuli chake kikimwangukia mtoto ndipo hukakamaa. Dawa yake ni kufukiza, kuogesha kwa majani, na mganga anayejua. Na kuna sharti moja kubwa: mtoto mwenye ndege asipigwe sindano, kwa sababu akipigwa sindano anakufa.

Kwa hiyo bajaji ilipofika mlangoni, mama aliushika mkono wa shati langu. "Mpelekeni, lakini sindano hapana. Nakuomba, mwanangu."

Nilijua anazungumzia nini. Mwaka 1986 mdogo wangu wa kike alishikwa na homa, siku ya pili akakakamaa. Akafukizwa, akatulia. Jioni akakakamaa tena, akafukizwa, akatulia. Usiku ule alikakamaa mara nyingi na hakuzinduka tena katikati. Alfajiri baba alimbeba mgongoni hadi zahanati. Akachomwa sindano. Hata jua halijawa kali, akafa. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimesimama pembeni ya kitanda cha chuma, na nilimsikia mama akisema neno ambalo amelisema miaka thelathini: "Sindano imemwua mwanangu."

Mtu anaponiambia kwamba wanaoamini haya ni wajinga, huwa nakasirika. Mama aliona kwa macho yake. Aliona moshi, mtoto akatulia. Aliona moshi tena, mtoto akatulia tena. Aliona sindano, mtoto akafa. Ungemweka pale mwanasayansi asiyejua kilichokuwa kikiendelea ndani ya mwili wa yule mtoto, naye angetoka na hesabu ileile.

Kinachodanganya ni kwamba vitu viwili tofauti vinaitwa jina moja. Kuna degedege la homa, linalowapata watoto kati ya miezi sita na miaka mitano, homa inapopanda. Mara nyingi huisha lenyewe ndani ya dakika chache, ufanye chochote au usifanye kitu. Ukifukiza linaisha, ukimwagia maji linaisha, ukipiga mayowe linaisha. Halafu kuna malaria ya ubongo, ambapo vimelea vimejaa kwenye mishipa midogo kabisa ya damu kichwani na kuiziba. Huyu mtoto naye huanza kwa kukakamaa, na mshituko wa kwanza unaweza kuisha vilevile. Kwa nje, dakika zile za mwanzo, hakuna mzazi wala mganga awezaye kuwatofautisha.

Sasa angalia nani anampokea nani. Jiko la mkaa linawapokea wote, saa ya kwanza. Wengi wao wangetulia hata hivyo, na moshi unapewa sifa. Waliobaki, wale ambao moshi haukuwafaa, ndio wanaobebwa kwenda zahanati siku ya pili au ya tatu, hawana sukari mwilini, damu imeisha, hawajitambui. Sindano inakutana na mtoto ambaye amebakiza saa chache. Akifa, sindano ndiyo ya mwisho kuonekana mkononi mwa mtu. Mganga hajawahi kuandikiwa kifo hata kimoja, maana vifo vyake vyote vinatokea hospitali.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu. Ukinipa tone la damu, nalitandaza kwenye kioo, nalikausha, nalitia rangi ya Giemsa, naweka tone la mafuta na kushusha lenzi ya mara mia. Siandiki "vimelea wengi". Nahesabu vimelea hadi nifikishe chembe nyeupe 200, kisha nakokotoa kwa kukadiria kwamba kila mikrolita ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyeupe 8,000. Nikichoka na kukisia, daktari atapewa namba ya uongo na mtoto wa mtu ndiye atakayelipa. Na hata nikihesabu vizuri namna hiyo, malaria hii kali ina hila: vimelea wakishajibanza kwenye mishipa ya ubongo, damu ya kidoleni inaweza kuonyesha wachache tu.

Dawa ya sindano tunayotumia sasa, artesunate, nayo ilihesabiwa. Utafiti uliotoka mwaka 2010 ulichukua watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na wengine walikuwa wetu, wa Muheza na Korogwe mkoani Tanga. Nusu walipewa kwinini, dawa ya zamani, nusu artesunate, kwa kura. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Nisome taratibu namba hizo: hata kwa dawa iliyo bora watoto walikufa, na wakaandikwa. Hiyo 8.5 ndiyo inayonifanya niiamini ile sindano. Sijawahi kukutana na mfukizaji anayekuambia ni wangapi walimfia.

Mimi mwenyewe sina kimeo. Nilikatwa nikiwa na miaka minne, kwa kikohozi kisichoisha. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alinikandamiza ulimi kwa kijiko, akakikata kwa kisu kidogo kilichopinda, akanipaka majivu ya dawa. Ladha ya damu na majivu naikumbuka mpaka leo. Kikohozi kiliisha baada ya wiki mbili hivi, ambao ndio muda wa kawaida wa kikohozi kuisha. Yule mzee alikuwa mpole, alinipa kashata, na nina hakika aliamini kazi yake. Lakini kisu hakikuchemshwa. Wapo watoto waliotoka damu isiyokata, na wapo walioshikwa na pepopunda. Ninapowasikia leo vijana wenzangu wa mjini, wenye simu nzuri na elimu, wakiulizana kwenye kikundi cha wazazi ni wapi wanapokata vimeo, au nani anang'oa meno ya plastiki, napiga simu mojamoja. Hayo "meno ya plastiki" ni meno ya mtoto mchanga ambayo bado hayajatoka kwenye ufizi. Yanachokolewa kwa kitu chenye ncha, kwa kuwa mtoto anaharisha. Anachohitaji yule mtoto ni maji ya chumvi na sukari na zinki.

Wengine hudhani nachukia mitishamba. Hapana. Artesunate yenyewe mzizi wake ni mmea, ule ambao ndugu yake huku kwetu tunamwita pakanga. Wachina waliuandika kwenye vitabu vyao vya tiba zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Bibi Tu Youyou, mwanasayansi wa China, aliposoma maandishi hayo, aligundua kwamba mmea uliloweshwa kwenye maji na kukamuliwa, bila kutajwa moto, akajaribu kukamua dawa yake bila moto mkali. Wakawapa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya wagonjwa. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Mti uliheshimiwa kwa kuulizwa maswali. Mwarobaini wetu tunausifu kwa maradhi arobaini, na mtu akiuliza ni yapi, kwa kipimo gani, anaonekana amemtukana bibi yake.

Vilevile najua kwa nini watu huanza kwa mganga. Anafungua mlango saa nane za usiku, anakaa chini na mama mtu, anamwuliza jina, anamshika mtoto. Huku hospitalini, sisi wa koti jeupe tunaweza kumfokea mama mbele ya foleni kwamba amechelewa. Akishafokewa mara moja, mtoto wa pili hatamleta kwetu kabisa. Nimeliona hili, na siku nyingine niliyefoka nilikuwa mimi.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Sisemi mzee yule alikuwa mwongo, na bei ile si ya mtu wa tamaa. Niliwaomba majirani waliotoka huko jambo moja tu: njoo tupime, sukari au chochote, na usiache dawa zako kabla hatujapima. Habari za waliopona zilirudi na mabasi. Aliyekufa nyumbani baada ya miezi mitatu hana basi la kupanda kwenda kusimulia.

Turudi kwa mwanangu. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, na kioo nilikisoma mwenyewe. Alikuwa hawezi kunywa kitu, akachomwa artesunate usiku uleule, akarudiwa baada ya saa kumi na mbili, na tena siku ya pili yake. Mama alikaa kwenye benchi la nje, kanga amejifunika usoni. Hakutaka kuona. Siku ya tatu mtoto alikuwa ameanza dawa ya mseto na anadai andazi.

Wiki iliyofuata mama aliniomba kitu ambacho sikukitarajia. "Huyo mdudu unayesema unamwona. Nionyeshe."

Nikaomba ruhusa, Jumamosi nikampeleka maabara. Nilimkalisha kwenye stuli, nikaweka kioo cha mjukuu wake. Aliziba jicho moja kwa kiganja.

"Naona rangi ya waridi tu, baba."

"Usitikise kichwa. Tafuta kama kipete. Buluu, na nukta nyekundu."

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kama pete yenye kito."

"Ndiyo huyo."

"Mbona kadogo hivi."

Nilidhani ataomba tuondoke. Akabaki ameinama pale. "Ndiyo huyu aliyekuwa kwa mdogo wako?"

"Nadhani ndiye, mama. Hakupimwa."

"Kwa hiyo ningempeleka ile siku ya kwanza..."

Hakumaliza. Miaka yote nimekuwa nikitaka mama ayaache yale ya ndege na sindano, na sikuwahi kufikiria yalikuwa yamemkinga na swali gani.

Nilimwambia kwamba miaka ile klorokwini ilikuwa imeshaanza kushindwa nguvu na vimelea hapa kwetu, na kwamba hata waliowahi, wengine hawakupona. Hilo ni kweli. Ndiyo iliyokuwa sehemu ya kweli niliyoweza kuitamka.

Akaitikia "haya", akarudisha jicho kwenye lenzi. Mtu aliyefuata majibu yake alipiga hodi mara mbili, nikatoka nikamwomba asubiri kidogo.