Baba yake Asha ni "his" au "her"?

Wiki nzima nilikuwa namkosesha mtoto mmoja kwa kalamu nyekundu. Somo lilikuwa familia, watoto wana miaka minane au tisa, na kila siku yeye aliandika vilevile: "Asha is tall. His father is short." Naweka mkasi. Kesho yake naikuta tena. Nikaeleza upya kwamba Asha ni msichana, na msichana ni "her". Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akarudi kwenye dawati lake, akaandika "his father".

Siku ya tano nikamwita mezani nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekosa shule.

"Mwalimu, kwani baba si mwanamume?"

Nikaiweka kalamu chini. Mtoto alikuwa anafuata sarufi, ila sarufi ya Kiswahili. Sisi tunapomilikisha tunatazama kinachomilikiwa: kitabu chake, kalamu yake, viatu vyake. Mwenyewe awe Asha au Juma, "-ake" haina habari naye. Kiingereza hakijali kitu ni cha namna gani, kinataka kujua mwenyewe ni wa kike au wa kiume. Yule mtoto alipoambiwa "yake" ina maneno mawili, alitazama palepale alipozoea kutazama, akakuta baba, akachukua la kiume. Nikalifungua daftari lake upya. Mama yake Juma: "her mother". Baba yake Juma: "his father", na hapo nilikuwa nimempa vema. Vema ya bahati nasibu!

Siku hizi sianzi na jedwali la vimilikishi. Nachora msichana upande mmoja wa ubao, mvulana upande wa pili, na jamaa zao katikati. Mtoto hasemi neno mpaka amguse mwenyewe. Akitaka kusema "her father", mkono uwe juu ya Asha, si juu ya baba. Mwanzoni mikono inakimbilia kwa baba, darasa linacheka, wanarudia.

Majina ya jamaa yenyewe hayasumbui sana, isipokuwa "uncle". Hapo jiandae kwa mabishano. Baba mkubwa ni "uncle", baba mdogo ni "uncle", na mjomba naye? Binti mmoja alikataa katakata: baba mdogo ni baba, atachanganywaje na mjomba? Sikumlaumu. Lugha yake ilishampangia nani ni wa upande wa baba na nani wa upande wa mama, halafu mimi nakuja na neno moja la kuwafagia wote. "Aunt" nalo limewameza shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Lakini ukisema "ndugu yangu" tu, Kiingereza cha kila siku kinakusimamisha: wa kike au wa kiume? (Kwa wajomba ni kivivu, kwa ndugu ni kidadisi.)

Kuhusu ritifaa, ile alama (') ya kwenye "Asha's", kosa kubwa ni mpangilio. Kwa kufuata "baba wa Asha" wanaandika "father's Asha". Nawasimamisha watoto watatu mbele, mmoja ni baba, mmoja ni Asha, mmoja ameshika kadi ya ritifaa na "s", kisha nawaamuru wajipange mpaka Asha atangulie na kadi imfuate yeye. Matamshi nayagusia tu: herufi ni "s", lakini kwenye "Asha's" inasikika "z". Sauti zote mbili wanazo tayari.

Kitu kimoja nimeacha: kumwambia kila mtoto achore familia yake. Niliwahi kufanya hivyo, mmoja akanirudishia karatasi tupu, nami kwa haraka zangu nikamuuliza mbele ya wenzake baba yuko wapi. Sasa tunatumia familia ya ubaoni. Anayetaka kusimulia ya kwao, atasimulia mwenyewe.

Wiki iliyopita tulicheza mchezo wa mkoba. Mtoto anatoa kitu, wenzake wanauliza, "Whose is this?" Zamu ya yule wa "his father" ilipofika, akatoa miwani yangu. Akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akakaa kimya. Darasa likaanza kunong'ona. Halafu akaacha kuitazama miwani, akanyanyua macho, akanitazama mimi kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Her glasses."