Akija, Unampa Nini?

Jeki alikuwa akisimama hatua kumi. Nikimwita geti likiwa wazi, alirudi mbio kutoka upande wa korongo, mkia chini, na akifika hatua kumi hivi kutoka nilipo, anakwama. Anajilamba midomo. Anageuza uso pembeni huku jicho likitoa weupe. Nikisogea hatua moja, naye anarudi moja nyuma.

Tulihamia Nkuhungu, hapa Dodoma, mwezi wa nne mwaka 2019, na Jeki tulimkuta kwenye nyumba hiyo. Mpangaji aliyetangulia aliondoka akamwacha, mwenye nyumba akasema tukae naye, atatulindia kuku. Mbwa wa kawaida tu, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha. Kulinda alilinda. Taabu ilikuwa geti. Likifunguliwa kupitisha madumu ya maji, huyo katoka.

Akirudi, nilimpiga. Nalisema lilivyo. Ufito ulikaa nyuma ya mlango, nami nilikulia nyumba ambayo mbwa, punda na mtoto wote walifunzwa kwa fimbo. Ile sura ya kujilamba na kukwepa macho niliiona ni hatia: anajua alichokifanya.

Mwezi wa kumi na mbili mdogo wangu alitutembelea akitokea Morogoro. Kazi yake ilikuwa kufundisha panya buku katika shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wale panya wanaonusa mabomu ya ardhini, na wengine hunusa makohozi kutambua kifua kikuu. Ndugu wengi walimcheka kwa kazi ile. Wakanyamaza mwaka uliofuata, panya Magawa, aliyefundishwa palepale, alipotunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, kwa kazi yake ya kunusa mabomu Kambodia. Basi siku moja ya ziara ile ya mwezi wa kumi na mbili, mdogo wangu alikuwa amekaa barazani akinitazama navyovutana na Jeki getini.

“Dada, akija unampa nini?”

“Nimpe nini, naye katoroka?”

“Kutoroka kumeshapita. Hapa kaitwa, kaja. Anachokijua ndicho hicho. Na akija anakula fimbo.”

Nilihisi joto likinipanda shingoni. Miezi minane nzima nilikuwa namfundisha mbwa, kwa bidii, kwamba sauti yangu ikitaja jina lake kuna kipigo, na somo lilikuwa limemwingia barabara. Zile hatua kumi zilikuwa hesabu yake: mkono wangu, ufito, na nafasi ya kugeuka akimbie.

Mdogo wangu akanionyesha kimoja kimoja nilichokuwa nikikisoma vibaya. Mbwa anayejilamba pasipo chakula, anayepiga miayo pasipo usingizi, anayegeuza kichwa jicho likibaki kwako, huyo mara nyingi ana hofu na anaomba yaishe. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009: ile sura ya hatia mbwa huivaa anapokaripiwa, awe amekosa au hajakosa. Nilisoma nikaweka simu pembeni. Nilikumbuka mara ngapi.

Asubuhi yake nilinunua mapupu buchani, nikayachemsha bila chumvi na kuyakatakata kama punje za mahindi. Mwanangu Baraka, wakati huo ana miaka tisa, akaja na kishada cha zabibu.

“Mjomba, hizi anazipenda. Mimi humpa kila siku moja.”

Mjomba wake alimshika mkono hapohapo. Zabibu, mbichi kwa kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa mpaka afe. Nimeishi mji wa zabibu na hakuna aliyewahi kuniambia. Natamani kila nyumba ya Dodoma yenye mbwa ilijue hilo kabla ya jingine lolote.

Siku ya kwanza hatukumwita kabisa. Nilichuchumaa nikampa ubavu, nisimkabili, nikagonga ulimi kwenye kaakaa, tik, nikarusha kipande. Tik, kipande. Mara kumi na tano, tukaacha. Mlio ule unamwambia ni tendo gani hasa limemletea chakula, maana mkono unaweza kuchelewa lakini mlio unalinasa tendo palepale. Panya wa Morogoro nao husikia mlio wa namna hiyo, kisha huonjeshwa ndizi. Siku ya tatu Jeki akisikia tik anainua masikio yote mawili, hata lile kigutu.

Ndipo tukaanza jina. Hatua mbili, hatua tano, kisha nje ya geti na kamba ndefu ya katani. Masharti yalikuwa mawili na mdogo wangu hakutaka mjadala. Nisimwite kamwe kwa jambo asilolipenda: mnyororo, kuogeshwa, chanjo ya kichaa cha mbwa, hapo nimfuate mwenyewe. Na mara nyingi akija, apewe, kisha aachiwe arudi kucheza. Ufito Baraka aliuvunja akautia jikoni. Sikumkataza.

Jioni moja alizivuka zile hatua kumi. Miguu ya mbele ilikuja, ya nyuma ikabaki imejivuta, tayari kukimbia, mwili wote umerefuka kama mpira. Pua yake ilikuwa ya baridi. Ndevu zilinitekenya kiganja, akachukua kipande kwa ncha ya meno. Nilibana pumzi mpaka alipomeza.

Januari, mchana, jua la kutosha kukausha nguo, mawingu meusi yamelala upande wa vilima. Aliyezaliwa hapa anajua maana yake: mvua inanyesha huko juu, na kwako korongo bado kavu. Nilikuwa nafua karibu na geti. Mzee jirani, Mgogo mwenye mbuzi wake, akapaza sauti kutoka ng'ambo:

“Mama Baraka, maji hayo!”

Jeki alikuwa katikati ya mchanga, anafukua mfupa. Nilisikia ngurumo kama ya lori linalomwaga kokoto. Mikono ina povu, mfukoni sina hata chembe.

“Jeki!”

Mara moja tu. Aliinua kichwa. Akautazama mfupa, akanitazama mimi. Kisha akauacha, akapanda ukingo mchanga ukimporomokea nyuma, na kwenye hatua kumi hakusimama. Alinigonga magotini. Nyuma yake maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita na magogo na ndoo ya mtu.

Tik, nikafanya, na mkononi sina kitu.

Jikoni kulikuwa na nusu kilo ya nyama ya mchuzi. Nilikaa naye sakafuni, tik, kipande, tik, kipande, mpaka bakuli likabaki na damu tu. Usiku ule tulikula ugali kwa mlenda.