Nilivyomuuguza mdogo wangu, virusi vilipoingia kwenye ubongo

Dalili ya kwanza niliiona wakati wa kula. Mdogo wangu wa kiume alimaliza wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto akauacha, kisha akasema bado ana njaa. Wiki mbili baadaye mkono wa kushoto ukawa mzito, vifungo vya shati vikamshinda. Majirani wakasema kiharusi; wengine, katupiwa kitu. Homa hana, shingo haijakakamaa.

Nilijua wasichokijua: alikuwa ameacha ARV zaidi ya mwaka. CD4, yaani chembe za kinga, zilipopimwa zilikuwa 41 tu.

Hospitali walianza na septrini, wakihofia toksoplazma, vimelea vinavyoshambulia ubongo. Siku 14, hakuna nafuu. Tukauza pikipiki yake tupate hela ya MRI. Picha ikaonyesha mabaka kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, na maji ya uti wa mgongo yakakutwa na virusi vya JC. Ugonjwa wenyewe unaitwa PML. Daktari alinieleza kuwa watu wazima wengi tunavyo virusi hivi, vimetulia mwilini. Kinga ikianguka huamka na kuharibu utando unaofunika nyuzi za neva. Nikauliza dawa yake.

"Dawa ya kuviua hatuna, dada. Tuirudishe kinga yake."

Yaani vidonge vilevile alivyoviacha. Sikumgombeza. Kila saa 3 usiku nilikaa naye mpaka ameze.

Wiki ya tano akazidiwa: ulimi mzito, mguu anauburuta. Mama akaniambia dawa ndizo zinazomuua, nizikomeshe. Unayeuguza, hapa soma polepole: kinga ikiamka huweza kuvishambulia virusi kwa nguvu hadi ubongo ukavimba. Nilimkimbiza hospitali bila kuruka kidonge hata kimoja. Akapewa dawa ya kupunguza uvimbe kwa muda, ARV zikaendelea.

Nyumbani nilifunga kitambaa chekundu kwenye fremu ya mlango, upande wa kushoto. Nilimzoesha kugeuza kichwa akitafute kwanza ndipo apite, maana bega lilishajaa michubuko. Chakula kikifika nusu, namgeuzia sahani.

Sasa ni miezi 11. CD4 zimefika 230. Vifungo anavifunga, taratibu. Uoni wa upande wa kushoto haujarudi, na daktari ametuambia tusiutegemee. Jana alikula nusu ya sahani, akatulia kidogo, akaigeuza mwenyewe.